Siku Niliyoshushwa Mlimani kwa Machela

Nilikuwa nimechoka kabla hatujatoka nyumbani. Nianze na hilo, maana watu wa Kariakoo wamelisimulia jambo hili wanavyotaka, na kila anayelisimulia ananiongezea ugonjwa. Wengine wanasema nilizimia. Wengine wanasema nilipandisha mashetani. Sikuzimia, na mashetani sina. Nilikaa chini kwa sababu magoti yalikataa, na yaliyofuata niliyaleta mwenyewe kwa ujinga wangu na mdomo wa mtani wangu.

Nina meza ya viungo pembeni mwa soko. Iliki, karafuu, mdalasini, binzari ya pilau, manjano. Miaka mingi nimesimama pale mpaka miguu imekuwa kama nguzo za kibanda, mizito na haina hisia. Jirani yangu wa meza anauza asali ya Tabora. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, kwa hiyo ni watani, na mtani hapewi pumziko. Asubuhi hanisalimu kama watu. Anauliza, "Bado hujafa tu?" Namjibu, "Nakusubiri wewe utangulie ukanifagilie." Mteja mgeni akisikia anadhani tunagombana. Tunagombana nini? Mume wangu alipofariki, huyu ndiye aliyelala chini mlangoni akasema jeneza halitoki mpaka maiti amlipe soda yake. Watu walicheka huku wanalia. Mimi nilikuwa sijacheka siku tatu.

Sasa mjukuu wangu. Nimemlea tangu ana miaka minne, mama yake yuko Tunduma na biashara zake. Mimi darasa la nne nililiishia mlangoni, lakini huyu mtoto nimemsomesha kwa iliki. Ana cheti cha utalii. Anaongea Kiingereza kama maji, na Kifaransa kidogo cha kuombea njia. Alipomaliza chuo alikaa miaka miwili anauza makava ya simu kwenye kichochoro nyuma ya soko, cheti kimelala kwenye bahasha chini ya godoro langu. Kila nikitandika kitanda nakisikia kinalia chakacha. Kilikuwa kinaniuma kuliko magoti.

Ndipo akapata kampuni moja ndogo pale Posta, chumba kimoja ghorofa ya tatu, wanaopeleka watu matembezi ya siku moja. Asubuhi mnapanda treni ya umeme mpaka Morogoro, mnapanda gari mpaka mwisho wa barabara, mnapanda mlima kwa miguu mpaka kwenye yale maporomoko ya Uluguru ambayo kila msichana wa Bongo sasa amepiga nayo picha, jioni mmerudi. Mwenye kampuni akamwambia, ongoza safari moja peke yako. Ukiwaleta wote salama na kwa wakati, kazi ni yako. Ukishindwa, tutakupigia simu. Hakuna anayepigiwa simu, mnajua.

Safari ilitaka watu kumi, chini ya hapo haiendi. Ijumaa jioni, safari ni kesho, wawili wakajitoa. Mtoto akaja mezani kwangu akasimama, anachezea mbegu za iliki kwa kidole. Nikamwambia, "Mke mwenza, sema. Usiniharibie mali."

Akasema, "Bibi, nakuomba ukae kwenye kiti kimoja."

"Kiti cha wapi?"

"Cha treni. Halafu cha gari. Halafu kuna kutembea kidogo."

Hapo nilipaswa kuuliza kidogo ni kiasi gani. Sikuuliza. Nilimwambia nitakuja, na kiti cha pili nikampa mtani wangu, ambaye alikuwa ameshasikia yote kwa sababu masikio yake hayauzi asali, yanauza maneno. Akasema atakuja ashuhudie Mzaramo akipanda kilima, maana Wazaramo wanajua kupanda jukwaa la ngoma tu.

Mjukuu wangu akanivuta pembeni. "Lakini Bibi, kuna jambo. Dada mkubwa wa mwenye kampuni atakuwa mmoja wa abiria. Anakuja kuniangalia. Wasijue kama wewe ni bibi yangu. Watasema nimejaza gari kwa ndugu. Mimi nitakuita mama, kama wateja wengine."

Nilisema sawa. Iliniingia kama mwiba wa samaki, lakini nilisema sawa.

*

Saa kumi na mbili alfajiri tulikuwa stesheni. Nilikuwa nimelala kidogo sana, maana Ijumaa ndiyo siku watu wananunua viungo vya pilau za Jumamosi, na nilisimama mpaka mgongo ukawa ubao. Mjukuu wangu amevaa shati la kampuni, nywele amezibana, ameshika karatasi. Akatupitia mmoja mmoja. Akanifikia. "Shikamoo mama. Karibu sana."

"Marahaba," nikasema, kama namjibu mtoto wa mtu mwingine. Mtani wangu akakohoa, kikohozi cha mtu aliyemeza kicheko.

Kulikuwa na mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, Mchaga, na mke wake. Kulikuwa na dada wawili wa Kiarabu wenye duka la vitambaa, ambao nawajua kwa sura. Vijana watatu wa ofisini ambao hawakuinua macho kwenye simu. Na yule dada wa mwenye kampuni. Huyu sikuhitaji kuonyeshwa. Mama mnene wa makamo, kofia pana ya ukili, kijidaftari mkononi, anaangalia kila kitu kama mama mkwe aliyefika kabla chakula hakijaiva.

Treni sitaisimulia. Nililala. Mtani wangu anasema nilikoroma tangu Ruvu. Niliamshwa na milima. Ilikuwa imesimama dirishani, bluu, na mawingu yameiketi kichwani, na nilipoiona tu magoti yakaniambia, mama, sisi hatumo.

Gari lilitupandisha mpaka barabara ikaisha kwenye migomba. Mjukuu wangu akasimama mbele yetu akaeleza. Jamani, mtoto alieleza! Maji tunayokunywa Dar yanatoka kwenye milima hii, yanaingia mto Ruvu, yanaingia kwenye mabomba yetu. "Kwa hiyo leo," akasema, "mnakwenda kuwasalimia watu wanaowaletea maji nyumbani." Watu wakacheka. Yule mama wa kofia akaandika. Mimi nikatazama pembeni, maana uso wangu ulikuwa unasema huyu ni wangu, na uso wangu sijaufundisha uongo.

Kisha akasema jambo alilotaka liwe wazi kwa kila mtu. Saa saba mchana lazima tuwe tumeanza kushuka. Saa tisa kwenye gari. Saa kumi treni inaondoka, na treni ya umeme haina huruma kama mabasi, haimgojei mtu.

Tukaanza kupanda.

Kwa dakika kumi za kwanza nilikuwa sijambo. Kwa kumi za pili nilikuwa nahesabu mawe. Kijinjia chenyewe ni chembamba, upande huu mteremko, upande huu mashamba ya maharage yaliyosimamishwa mlimani kama nguo ukutani. Wanawake wa Kiluguru wanalima humo wameinama, wanaongea kutoka kilima hiki kwenda kile bila kupaza sauti sana, sauti yenyewe inajua njia. Tulipopita walituambia pole. Mwanamke mmoja mzee alinitazama miguu, akacheka kwa huruma, akasema, "Dada, milima hii haitaki watu waliokula chumvi nyingi." Nilimwambia nimekula ya pwani yote.

Mjukuu wangu alikuwa anarudi nyuma kila mara. "Mama, uko sawa?" "Niko sawa." "Mama, maji?" "Niko sawa nimesema." Nilikuwa naongopa na jasho linanisemea. Goti la kulia lilikuwa limevimba mpaka kanga ikalishika. Tulipofika kwenye jiwe moja pana, chini ya mti wa kivuli kizuri, nikakaa. Sikuamua kukaa. Nilijikuta nimekaa.

Maporomoko yalikuwa yanasikika. Hayaonekani, yanasikika tu, kama mtu anamimina mchele usioisha kwenye sinia. Mjukuu wangu akachuchumaa mbele yangu. Akaangalia goti. Akaangalia saa. Nikaona anavyopiga hesabu usoni.

"Imebaki dakika ishirini kufika," akasema. Akashusha sauti. "Bibi, nikuache hapa? Niwapeleke, wapige picha, nikurudie?"

"Nenda na watu wako."

"Hutaona maji."

"Maji nimeoga miaka yote hii. Nenda."

Mtani wangu akasema atakaa nami, asije chui akala Mzaramo akaharisha. Ukweli ni kwamba naye alikuwa amekwisha. Alikuwa anahema kama mvukuto wa mhunzi, lakini Mnyamwezi hawezi kukubali mbele ya Mzaramo kwamba kilima kimemshinda. Nilimsitiri. Hiyo ndiyo heshima ya utani, kuna vya kusema na kuna vya kusitiri.

Wakaenda. Yule mama wa kofia alikuwa wa mwisho. Aligeuka akatutazama sisi wazee wawili juu ya jiwe, kisha akafuata wenzake.

*

Tulikaa. Upepo ulikuwa baridi, wa kumkalisha mtu kimya. Nilijinyoosha juu ya jiwe, nikajifunika kanga mpaka shingoni, nikafumba macho.

Mtani wangu akasema, "Eh! Tayari?"

Sikujibu.

"Mtani?"

Sikujibu. Nilikuwa nimechoka hata kutukana.

Basi. Mtani akikukuta umelala kimya, umejifunika, huna jibu, unadhani atafanya nini? Akanivuta kanga ikafunika uso. Akapiga kofi kichwani mwake kwa mikono miwili. Akapaza sauti.

"Mayooo! Mzaramo amekufa! Mayo wane, mama yangu wee! Ameondoka mama wa iliki, pilau za Kariakoo zitanuka moshi! Nani atanitukana asubuhi? Amekufa na deni la asali yangu, nusu kibaba, amelamba kijiko kwa kijiko akidhani simwoni!"

Niseme ukweli, na huu ndio ukweli ambao sijamwambia mtu mpaka leo naandika. Ningeweza kuinuka pale pale. Ningeweza kusema toka hapa mbwa wewe, mchezo ukaisha. Lakini chini ya ile kanga kulikuwa na kagiza kazuri, na jiwe lilikuwa limeanza kupata joto langu, na kwa mara ya kwanza katika sijui miaka mingapi hakuna aliyekuwa ananiuliza bei. Nikasema moyoni, kumbe kufa ndiyo hivi. Si vibaya. Nikanyoosha vidole vya miguu. Nikamwacha aendelee.

Naye, kwa kuwa simnyamazishi, akazidi. Mtani akipata maiti mtulivu hushindwa kujizuia. Akalia kwa Kinyamwezi, akalia kwa Kiswahili, akajigaragaza, akaniita mchumba wake aliyemkataa kwa kukosa meno. Mimi tumbo linacheka chini ya kanga bila mdomo kufunguka.

Tulichosahau sisi watu wa mjini ni kwamba kule mtu akipiga yowe la msiba, halibaki kwake. Mjini ukilia, jirani anaongeza sauti ya redio. Kule mwanamke wa kwanza alisikia, akaacha jembe, akalipokea. Wa kilima cha pili akalipokea kwake. Nilisikia kilio kinatoka bondeni, nikadhani ni mwangwi wa mtani wangu. Kisha nikasikia mwangwi unalia kwa sauti ya mwanamke. Kisha wanawake watatu.

Nikafunua uso.

Walikuwa wameshafika. Sita, saba, wamejifunga kanga kiunoni, mikono ina udongo, wengine machozi yanatoka kweli. Na yule mzee aliyenicheka miguu alikuwa mbele kabisa. Aliponiona nimekaa, nimetoa macho, alipiga hatua mbili nyuma.

"Huyu maiti gani?" akasema.

Mtani wangu alikuwa bado amepiga magoti, mikono hewani. "Ni... ni mtani wangu," akasema.

Halafu nikasikia miguu inakuja kutoka juu, mawe yanabingirika, na sauti ambayo ningeijua hata kaburini.

"Bibi! Bibi yangu! Bibiii!"

Alikuja anakimbia kwenye kile kijinjia kama mbuzi, kiatu kimoja hana, shati la kampuni limetoka nje, karatasi zake sijui zimeangukia wapi. Alinirukia. Alinishika uso, mabega, mikono, kama mtu anayekagua kilichovunjika. Na mimi, mtu mzima, mama wa watoto, nikasema, "Sikufa. Tulikuwa tunataniana."

Alikaa chini. Kisha taratibu akageuza kichwa akatazama alikotoka, na mimi nikaona anachokiona. Alikuwa ameacha watu wanane juu kwenye maji, kwenye mawe yanayoteleza, peke yao. Na dada wa mwenye kampuni alikuwa mmoja wao.

*

Walishuka wenyewe, wameshikana mikono, taratibu. Mmoja wa wale vijana wa simu alikuwa amemshika mkono dada wa Kiarabu, mwingine amembebea mke wa Mchaga mkoba. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mkubwa. Lakini yule mama wa kofia alikuwa wa mwisho, na sketi yake ilikuwa na tope nyuma, duara kamili. Alifika, akamtazama mjukuu wangu, akanitazama mimi, akamtazama tena. Watu husema sura zetu ni shilingi kwa ya pili.

"Bibi yako?" akauliza.

"Ndiyo mama," mtoto akasema.

Hakuandika. Afadhali angeandika.

Kabla sijafungua mdomo nimtetee, wakatokea wanaume wanne kutoka bondeni, wanakimbia, na machela. Miti miwili mirefu na blanketi limefungwa kwa kamba. Walikuja kubeba maiti. Walipoona maiti anaongea, wakaiweka chini wakashika viuno.

Yule mwanamke mzee ndiye aliyesema, na alisema kwa hasira. "Ninyi watu wa Dar. Mimi nimeacha mtoto shambani. Huyu ameacha sufuria jikoni. Kilio hakichezewi." Mtani wangu aliinamisha kichwa. Sijawahi kumwona ameinamisha kichwa. Alisema, "Mama, nimekosa. Utani ulinizidi." Nami nikasema nimekosa, kosa ni letu wote wawili, yeye kwa kulia na mimi kwa kulala.

Mzee akatutazama muda. Nadhani aliona umri wetu na akaona aibu yetu inatosha. Akageukia goti langu. Akalibonyeza kwa kidole, nikapiga yowe la kweli safari hii.

"Huyu hashuki," akasema. "Akishuka na mguu huu atafika kesho."

Mjukuu wangu akatazama saa. Ilikuwa imeshapita saa saba. Akaninong'oneza, "Bibi, lala kwenye machela."

"Mimi?"

"Bibi."

"Sibebwi. Mara ya mwisho nilibebwa mgongoni kwa mama yangu. Mnibebe kama gunia watu wa Kariakoo wananiona? Nendeni, nitashuka polepole, nitalala kwa hawa akina mama, nitarudi kesho."

"Nikifika stesheni mtu mmoja amepungua, kazi imekwisha." Alisema bila kulia, kwa sauti kavu ya mtu aliyechoka kuliko mimi. "Labda imekwisha tayari. Lakini nataka nifikishe kumi. Nilisema nitafikisha kumi."

Nilimtazama mguu wake usio na kiatu. Ulikuwa unatoka damu kidogo kwenye kidole gumba. Na nikakumbuka ile bahasha chini ya godoro.

Nikalala kwenye machela.

Sitaficha, ni jambo baya kubebwa. Unaona matawi tu na mbingu, na visogo vya watu. Huna mahali pa kuweka uso. Wale wanaume walikwenda kwa hatua fupi za haraka, na kila walipoyumba nilisema shahada kimoyomoyo. Mchaga akaomba apokee mti mmoja, akapokea. Baadaye mbebaji wa mbele upande wa kushoto akabadilishwa, nikasikia machela imeshuka upande mmoja na mtu anahema kama mvukuto wa mhunzi.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Mimi," akasema mtani wangu.

"Weka chini mti wa watu. Utakufa kweli."

"Nyamaza, mzigo hauongei. Babu zangu walibeba pembe kutoka Tabora mpaka Bagamoyo. Mimi naanzia Uluguru tu, nabeba Mzaramo mmoja."

"Pembe zilikuwa na faida."

"Na hazikuwa na mdomo."

Watu wakacheka, hata wale wabebaji, na nikahisi kwa kicheko kile hasira inatoka kidogo kidogo. Alibeba mpaka kwenye kijito, si mbali, labda hatua mia. Alipokabidhi mti kwa mwenyewe, alikuwa kijivu usoni. Sikumtania. Nilimpa ncha ya kanga yangu afute jasho.

Yule mama wa kofia alikuwa anatembea kando ya kichwa changu. Nilimwona kofia tu, na anga nyuma yake. Nikaona hapa ndipo.

"Mama," nikasema, "usimwandikie vibaya mtoto. Kosa ni langu. Yeye alikuwa anaongoza vizuri."

"Aliacha watu juu ya maporomoko," akasema. "Nilikuwa mmoja wao. Nimeanguka, nimekaa chini kama mtoto."

"Alisikia nimekufa."

"Najua alichosikia. Sote tulisikia." Akatembea kidogo. "Lakini kesho atakayelia atakuwa mtu mwingine, na kiongozi hatakiwi kukimbia."

Ni kweli. Ukweli ukikukuta umelala chali, huna hata pa kukimbilia. Nikasema tu, "Mimi ndiye niliyemlea. Kama kuna kasoro, iandike kwangu."

Alivua ile kofia akanifunika nayo uso, jua lilikuwa limenikalia machoni.

*

Saa tisa na nusu tulikuwa kwenye gari. Wanawake wa mlimani hawakukubali tuondoke bila kitu, pamoja na hasira zao. Walitupa mkungu wa ndizi, wakasema msibani hurudi mtu na chakula. Mtani wangu aliwaachia chupa ya asali aliyokuja nayo ya kulambia njiani, na mimi nikavua kanga ya juu nikampa yule mzee. Aliipokea, akasema, "Siku nyingine kufa kwenu."

Kwenye treni mjukuu wangu alituhesabu mara tatu. Kumi. Akatuhesabu ya nne. Halafu akaja akaketi kando yangu, mbele ya watu wote, akalaza kichwa begani kwangu akalala pale pale, kiatu kimoja mguuni. Sikulala mimi. Goti lilikuwa linapiga kama ngoma, na bega lilikufa ganzi kabla hatujafika Ruvu, lakini sikusogea. Nilikuwa nimeshamsumbua vya kutosha kwa siku moja.

Siku nne hakuna simu. Nilisimama mezani kwa mguu mmoja, nimefunga goti kwa kitambaa na mafuta ya karafuu. Mtani wangu hakunitania siku hizo nne. Alinisalimu kama mtu wa serikali, "Habari za asubuhi." Hilo lilinitia hofu kuliko kitu kingine.

Siku ya tano mtoto aliitwa Posta. Alirudi mchana, akasimama pale pale alipokuwa amesimama siku ile, akachezea iliki.

"Sema," nikamwambia.

"Sijapata kazi ya kuongoza." Akavuta pumzi. "Wamenipa ya kumfuata kiongozi mwingine, safari tatu. Nikae nyuma, na wanaochoka. Baada ya tatu wataangalia tena. Yule mama amesema mimi nyuma nafaa kuliko mbele, kwa sasa."

Nilikaa kwenye kigoda changu. Sikujua kama nifurahi au nilie. Si kazi kamili, na si mlango uliofungwa. Ni mlango umeachwa wazi kiasi cha mtu kupenya kwa ubavu. Nimepenya milango mingi ya namna hiyo maishani mwangu, na nimechoka kupenya, lakini huyu bado ana mbavu changa.

"Bahasha imetoka chini ya godoro?" nikauliza.

"Imetoka. Wameichukua ofisini."

Usiku huo kitanda hakikulia chakacha. Nililala kama jiwe.

Safari ya kwanza kati ya hizo tatu ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Nilimsindikiza mpaka stesheni, nachechemea, mtani wangu nyuma yetu na kisingizio cha kupeleka asali mahali. Abiria walikuwa wamejipanga, kiongozi mpya anasoma majina. Mjukuu wangu alikuwa nyuma kabisa, na kisanduku cha dawa mgongoni, viatu vipya vya kamba ambavyo nilihakikisha mwenyewe vimefungwa. Nikataka kumuaga kimya niondoke, nisimharibie tena.

Akanishika mkono, akageukia wale watu. "Jamani," akasema kwa sauti, "huyu ni bibi yangu."

Wakageuka wote. Shikamoo ikanijia kutoka kila upande. Sikuwa nimejiandaa. Nikawaambia kilichokuja mdomoni.

"Marahaba wanangu. Huko juu mkichoka, semeni mmechoka. Msijilaze."

Mtani wangu alikuwa ameshageuka nyuma, anakwenda zake sokoni, mabega yanatikisika. Nilimfuata polepole. Maporomoko yenyewe sijayaona mpaka leo.